Msumari Kwenye Fyuzi

Thika, Jumamosi, Julai 1958

Bado naona aibu. Fundi Karanja alifungua kisanduku cha fyuzi asubuhi, akachomoa msumari, akauinua juu. "Nani ameweka huu?" Mke wangu, Mama Wairimu, akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Ni mimi. Kila tukiwasha redio pasi ikiwa moto, fyuzi inaungua na tunabaki gizani. Nikachoka. Nikaweka msumari, nikamwambia Mama Wairimu ni waya mpya. Harufu ya mpira kuungua ilipoanza, nikasingizia kiwanda cha ngozi.

Fundi alitahiriwa mwaka mmoja na marehemu baba, kwa hivyo ni baba kwangu na hajibiwi. "Mwanangu," akasema, "fyuzi ikiungua, imekuokoa. Msumari hauungui. Ingeungua nyumba."

Watoto wanalala karibu na ukuta wenye kisanduku hicho. Nikifikiria hapo...

Lakini fundi amevuta waya nene kutoka kwenye mita mpaka jikoni, na soketi yake peke yake. Jioni taa iliwaka, redio ikaimba, pasi ikapata moto, vyote pamoja! Mama Wairimu anataka kuanza kuwapigia walimu nguo pasi. Naona ataweza, tena vizuri.

Hajanigombeza hata kidogo. Baada ya chakula alichukua nyundo, akaupigilia msumari ule ukutani, juu ya soketi mpya. Kisha akatundika hapo kofia yangu ya kanisani, ambayo lazima niivae kesho.