Surua Haichomwi Sindano

Jumatatu, 4 Machi
Chai, viazi, kikohozi changu. Mke wangu Tuma, mjukuu wa miaka miwili, kaniibia kiazi akakimbia. Nimeoa mwizi. Jioni ana homa, macho mekundu.

Jumatano, 6 Machi
Vipele mwili mzima. Surua. Mama yake, mkwe wangu Neema, anataka zahanati. Nimekataa. Surua haichomwi sindano, ukiichoma inarudi ndani na kuua. Mama yangu alisema hivyo, na alilea tisa. Nimewaambia majirani mkwe wangu anatafuta bwana nesi. Wamecheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 8 Machi
Vipele vinafifia. Nimejisifu barazani: daktari wa darasa la nne. Lakini homa haishuki, anatetemeka. Neema akaja, akapiga goti. "Baba, surua haitetemeshi mtoto hivi."
Hapa Igawa majaruba ya mpunga yana maji, mbu wamejaa kama waumini siku ya Pasaka. Nilijua anachosema: malaria. Nikamwambia asubiri. Sikutaka kushindwa mbele ya watu niliocheka nao.

Jumamosi, 9 Machi
Alfajiri Tuma kakakamaa, macho juu. Neema hakuniuliza. Kambeba mgongoni, kapanda bodaboda. Mimi nikafuata na ya pili.

Jumapili, 10 Machi
Zahanati walitupeleka hospitali. Malaria kali, damu imepungua sana. Daktari kijana, ndevu tatu. Sikumtania. Anasema surua ilimlegeza, malaria ikamkuta hana nguvu. Yote mawili kwa pamoja. Malaria ingeonekana kwa tone moja la damu kidoleni.
Nikauliza kama sindano waliyomchoma imemdhuru.
"Mzee, kilichomdhuru ni kuchelewa."
Neema alikuwa anasikia.

Jumatatu, 11 Machi
Tuma amekufa saa nne asubuhi.

Alhamisi, 14 Machi
Tulizika juzi. Mtani wangu Mhehe alikuja na mambo yake: pole mgane, mke amekukimbia, ulimnyima viazi? Ndiyo kazi ya mtani. Siku zote namjibu mpaka anakimbia yeye. Safari hii nililia mbele ya watu. Akanishika mkono.
Mimi ndiye niliyemzuia Neema. Naandika ili nisije nikajidanganya.

Jumapili, 24 Machi
Mtoto wa jirani katoka vipele. Wamekuja kuniuliza, maana mimi ndiye daktari. Nimewaambia wampeleke leo hii, akapimwe na malaria. Nimewasindikiza mpaka zahanati.
Nimerudi, Neema kaleta chai na viazi. Hakukaa.
Bado ananiita baba.