Jibu Langu Lilikuwa Saa Tisa

Mpendwa mdogo wangu Anselmi,

Barua yako imefika. Mama amesomewa mara tatu pale unaposema kuwa sasa nawe unasahihisha mtihani wa hesabu wa darasa la nane, ule wa nchi nzima. Keko yote imeshajua. Mimi nilikuwa uani napiga randa, nikaona wivu mpaka nikaharibu ubao wa watu.

Unaikumbuka asubuhi ya mtihani wetu? Njiani ulinishika shati. "Kaka, likija swali la saa, niandike ya kwetu au ya Kizungu?"

"Ya Kizungu, we! Piga hesabu ya kwetu, halafu ongeza sita au toa sita."

Likaja kweli. Gari la moshi limeondoka saa 10 asubuhi, safari ni ya saa tano, litafika saa ngapi? Wewe ukaandika 3. Mimi nikajua hiyo kumi yao ni saa nne yetu, nikahesabu vidole mpaka saa tisa, saa ambayo mama alikuwa akituepulia ugali. Nikaandika 9. Zile sita nilizokupa wewe, mwenyewe nilizisahau.

Nafasi ya kwenda shule ya bara ilikuwa moja, na mwalimu alisema umenizidi alama moja. Sanduku ulilosafiria nililipigilia misumari mimi, Anselmi, huku nikiliombea lipasuke njiani. Asante ya punda ni mateke, lakini wewe hata teke hukunipiga. Uliniandikia kila mwezi, kwa upole, na upole wako ndio ulionichoma zaidi.

Ulipokuja likizo, mama alikuuliza saa. Ukatazama mkono wako wenye saa mpya, ukasema, "Saa tatu." Ilikuwa alasiri. Mama akacheka, "Baba, chai tumekunywa zamani." Nilifurahi wiki nzima. Ndivyo nilivyo, usinione mwema.

Sikuombi nafasi yako, imeshapita. Ila katika karatasi hizo utamkuta mtoto aliyeandika 9. Kabla hujamkata alama, kumbuka shati ulilolishika.

Maana hapa kwetu, mdogo wangu, gari lile lilifika saa tisa.

Wako, anayekupenda na kukuonea wivu,
Kaka yako