Ujumbe Uliofika Salama

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu. Marahaba yako utajua mwenyewe pa kuipitishia.

Mvua zimeshika. Mahindi yako yametoka, dada Kabula ameyapalilia. Shule imeezekwa bati upande mmoja, upande wa pili tunaambiwa mabati yako njiani. Siku hizi kila kitu kiko njiani. Duka langu la vipuri vya baiskeli pale Isevya limebaki na minyororo, tairi hakuna.

Lakini sikuandikii habari za tairi. Nimeufuatilia ule ujumbe wangu hadi mwisho, na sina mwingine wa kumwambia nilichokikuta.

Kifua chako kilipozidi, niliandika kwenye ofisi ya ushirika wa tumbaku mjini: mama asubiri kwenye kijiji kipya, Ijumaa asubuhi naja na gari, nimpeleke hospitali. Binti wa redio ya mawasiliano akausoma kwa karani wa tawi. Karani akampa dereva wa lori, dereva akampa katibu wa kijiji, katibu akakuambia wewe. Mikono minne. Nikasema, mimi niliyejifunza hesabu kwa kuuza karanga stesheni, nikiwapitia mmoja mmoja nitamkamata aliyeniulia mama.

Nilianza na katibu. "Kwangu ulitoka vilevile ulivyoingia, bwana." Dereva akanicheka: "Mie nabeba tumbaku. Maneno hayana uzito, ningeyaangushaje?" Karani naye, kwake ulitoka salama. Kwa kila mtu ulitoka salama, mama. Nikakukumbuka wewe, mjukuu wa mpagazi, ulivyokuwa ukimpa mpita njia salamu halafu humwachii aende: "Hebu rudia nilichosema." Akikosea unamkalisha tena, unampa na viazi. Sisi watoto tulikuwa tukiona haya. Hawa wa sasa hawarudii, wanapiga muhuri.

Nikabakiwa na binti wa redio. Nilikwenda na maneno makali, nimeyapanga. Akakumbuka mara moja.

"Uliandika kijiji kipya, kaka. Kwenye semina tuliambiwa tusiseme hivyo, tuseme nyumbani, watu wazoee. Nikasema asubiri nyumbani. Kwani nilikosea?"

Nyumbani.

Ndiyo maana nilifika na Landrova ya kukodi nikaambiwa umetoka alfajiri, umejitanda kanga, unakwenda kunisubiri nyumbani. Sikuelewa. Nilikutafuta kwa jirani zako wote, mlango kwa mlango, mpaka Kabula aliposema, "Labda kule kwa zamani, tulikohamishwa." Nikakukuta umeketi juu ya jiwe la kusagia, kuta zimelala chini, umelowa, kifua kinakoroma, na bado una ghadhabu zako: "Umechelewa, baba. Nimekaa hapa hakuna hata wa kunipa moto." Hospitali tulifika. Tulifika tu.

Yale maneno makali sikumpa yule binti. Ningemwambia nini, kwamba nyumbani si nyumbani? Alifuata alichofundishwa. Na wewe ulifuata ulichoambiwa, tena kwa miguu, na homa mwilini. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Na mama je, alifika hospitali?"

Nikamjibu alifika.

Usidhani nimesamehe. Nimekosa tu wa kumkasirikia, na hasira isiyo na mwenyewe ni mzigo mbaya. Nakwenda nao dukani, narudi nao. Wateja wananiuliza bei, nasahau bei. Mimi. Jana mmoja kaniambia, "Mzee, leo hesabu zako zinatembea kwa magoti." Nikacheka, halafu nikaingia stoo nikakaa humo mpaka akaondoka.

Nakuahidi hili moja, ndilo ninaloliweza: Kabula akiugua, au yeyote wa kwetu, sitamtuma mtu na neno. Nitakwenda mwenyewe, hata kwa miguu.

Basi pumzika, mama. Na zamu yangu ikifika, nitakuja. Sitatanguliza ujumbe.

Mwanao,
Masanja