Mlio wa Indiketa ya Kushoto

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mama amejilaza, usimwamshe. Mimi nimewahi gereji.

Pikipiki imepona. Ile indiketa ya kushoto kuwaka harakaharaka, nilidhani balbu ya nyuma imeungua. Nikabadilisha, wapi! Nikaling'oa tangi la mafuta, nikafuata waya mpaka kwenye kiungo: kutu tupu. Nimepiga msasa, nimeunga upya.

Ila pembeni nikakuta waya wa kile kifaa kinacholia indiketa ikiwaka. Haukukatika, baba. Umekatwa kwa mkasi, ncha zikafungwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Kumbe ni wewe! Nasi tunalaumu mvua.

Nikauunga, nikajaribu. Ti-ti-ti-ti. Mama huyo mbio uani, kanga mkononi, akafungua geti, kama alivyokuwa akimfungulia marehemu kaka kila akikunja kona ya kuingia nyumbani na pikipiki hii. Akalishikilia geti, anatazama barabarani. Nikazima swichi. Bado amelishikilia.

~~Nimeukata tena, usijali.~~

Hapana, sijaukata. Nilishika mkasi, mama akaja akanipokonya. Hakulia, hata hakupandisha sauti. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie baba yako auache ulie. Tangu tumzike mwanangu nausikia kila jioni, na geti nafungua, nyie mmelala mbele ya televisheni. Angalau leo na wewe umeusikia."

Geti lina komeo bovu, nitaliangalia nikirudi. Kwa sasa liache wazi.

Binti yako