Aliyenipikia Asubuhi Ile

Barani,
Malindi.
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Nicholas,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungekwisha kuniamkia. U hali gani huko bara? Cherop mkeo hajambo? Huku joto linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa. Mimi mzima. Mshono umekauka, sokoni nakwenda kwa miguu yangu, na mdomo wangu, kama ujuavyo, haukupasuliwa.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikalia. Binti wa miaka ishirini aje kutolewa uvimbe wa shingo, umlaze kwa nusukaputi, chakula kimpande kiingie mapafuni, na siku ya tatu afariki! Pole, mwanangu. Pole sana. Najua hukumwua, na najua pia kwamba kukwambia hivyo hakukuletei usingizi.

Unasema ulimwuliza kama amekula, akasema hajala, ukaandika kwenye fomu. Sasa jamaa zake wanasema hukuuliza, kamati ya hospitali imekuita tarehe ishirini, nawe umekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Unataka kurudi uvune chumvi Gongoni. Chumvi! Wewe ambaye ukitumwa kuchota maji ulikuwa ukirudi na malengelenge?

Lakini kilichonichoma ni pale uliposema huwezi tena kumwamini mgonjwa yeyote, na kwamba mama yake binti, aliyemlisha kwa siri, hutamsamehe.

Basi nami nikutolee siri. Mwezi uliopita nilipokwenda kupasuliwa, mara ya kwanza nilirudishwa. Nyote niliwaambia stima zilipotea. Nilisema uongo. Nilikuwa nimekula.

Asubuhi ile, kabla sijatoka, mtu wa nyumbani aliniletea uji wa wimbi wenye maziwa, na viazi vitamu viwili. Akasema mtu haendi kwenye kisu na njaa, nguvu za kuamkia atazitoa wapi? Nikala. Hospitalini, muuguzi wa nusukaputi, dada mmoja Mkisii aitwaye Moraa, akaniuliza kama nimekula. Nikamkazia macho nikamwambia sijatia kitu kinywani tangu jana. Kufa sikukuogopa, niliogopa kurudishwa, maana kitanda kile nilikingoja miezi mitano.

Moraa akaandika. Kisha akaketi kando yangu, akanifunga kile kitambaa cha presha, akauliza kama mtu anayepiga soga: "Mama, leo nani amekupikia?" Nami kwa kupenda kusimulia nikamtaja mpishi kwa jina, nikausifu na uji wenyewe. Moraa akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akaniambia nivae nguo zangu. Nilimtukana, Nicholas. Nilisema nitamshtaki kwa kuninyima matibabu. Akayaandika na hayo pia, akatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata, kabla hajanilaza, nilimwomba radhi. Na barua yako ilipokuja nilimwendea tena, nikamweleza mkasa wako bila kukutaja. Alisema fomu yako usiiguse, usiongeze hata neno moja, hata rafiki akikushauri uandike kwamba uliuliza mara mbili. Ulichoandika siku ile ndicho kitakachokusimamia. Mbele ya kamati usiende bila mtu wa chama chenu cha wafanyakazi. Na ile barua ya kuacha kazi uishike kwanza, kwani anayeondoka kabla hajasikizwa watu humwona amekiri.

Mimi sina elimu yake, ila nakuongezea hili. Uliuliza mara moja. Wakikuuliza, sema mara moja. Mficha maradhi kilio humfichua, nawe huna maradhi ya kuficha.

Baba yako Mwambire anakusalimu kutoka shambani Magarini. Mahindi yake yamekauka lakini ubishi wake haujakauka. Msalimie Cherop, mwambie namngoja Desemba.

Sasa nimalize lile nililolikwepa. Yule mama usimchukie, mwanangu. Hakumlisha bintiye kwa ujeuri. Alimwona anakwenda kwenye hatari na tumbo tupu, moyo ukamshinda. Nasema kwa kujua, kwa sababu aliyenipikia mimi uji asubuhi ile ni Janet, mama yako mzazi. Ndiye huyo uliyemweleza kila likizo habari ya tumbo na nusukaputi, na ndiye anayezunguka Barani nzima akijisifu kwamba mwanawe hulaza watu wakapasuliwa wakaamka. Alinisimamia mpaka nikamaliza bakuli.

Nilipomsomea barua yako aliinuka akaenda zake jikoni. Jana akaniuliza, "Wifi, na wewe ungelikufa, Nicholas angenisamehe?" Nikamwambia hilo ni la kukuuliza wewe. Akaniambia, "Basi mwandikie. Mwambie ni mimi."

Kwa hiyo rudi kazini. Tutakudanganya tena, hata sisi tunaokupenda. Nawe keti kando yetu, utuulize nani katupikia. Mungu akutangulie tarehe ishirini, na asiiondoe mikono yako kwenye kazi aliyokupa. Na kabla ya siku hiyo mpigie mama yako simu. Anangoja jibu.

Akupendaye hata ukinuna,
Shangazi yako,
Kahonzi