Kopo Moja ya Kinini, Bagonjwa Babili

Mama Adolphine mupendwa,

Naomba unisaidie upesi, sawa unavyosaidia bengine ndani ya gazeti, maana tangu siku ya posho roho yangu haikai, na bibi yangu anasema ninazunguka nyumba sawa kuku mwenye kutafuta fasi ya kutaga. Mi ni mutu wa Kapata, mu nyumba za kampuni ya mugodi, mwenye kutoka Kasai, miaka makumi ine na saba, nilikuwa natoboa majiwe kule Mutoshi mpaka magoti na bidole bikaanza kuvimba, sasa bameniweka kwenye stoo ya mataa, na hata pale kufunga kifungo moja ya koti ni kazi ya asubuhi muzima, batoto bananicheka na mi nacheka nao, lakini mambo ya leo hayachekeshe.

Mwanzo wa mwaka munganga moja mupya alifika ku hospitali kuchunguza dawa ya maumivu ya bifundo, shi tunamwita Bwana Kitabu maana hata ukikohoa anaandika, akachagua batu makumi tatu, mi ndani, na rafiki yangu ndani, tumuite Muamba, tuliyepanda naye treni moja kuja huku na mpaka leo tunakula sahani moja. Henri, enfirmie wake mwenye kutunza bagonjwa, akatueleza: "Kila mutu atapata chupa yake. Zingine ziko na dawa mupya, zingine unga tu, na kinini zote, bidonge bile, zinafanana. Hakuna mwenye kujua yake ni gani, hata munganga hajui, majina yako ndani ya bahasha zenye kufungwa. Usimupatie mwenzako hata moja!"

Mama, shi tuliitika ndiyo, ndiyo, tukarudia kwangu, na hapo akili yangu, ile yenye haijasaidia mutu tangu nizaliwe, ikaamuka: kama moja wetu anameza dawa na mwenzake anameza unga, ni urafiki gani, afazali tumwange chupa zote mbili ndani ya kopo moja ya maziwa, tutikise, kila mutu achote, hivyo hakuna atakayekosa kabisa. Muamba akanipiga begani: "Kumbe we ungekuwa munganga!" Na mi nikajiona kweli munganga.

Kila juma Henri alituuliza kama maumivu yanapunguka, na mi, hata siku magoti yalikuwa yanawaka moto, nilijibu, "Yanapunguka, bwana," maana mutu ametoka mbali juu yangu, amenipatia kiti, ananiuliza hali ya batoto, nitamwambia ginsi gani kama dawa yake haifae?

Sasa Muamba, aliyekuwa anachota mbili mbili, akaanza kusema tumbo linamukata, choo yake ikawa nyeusi sawa makala ya kupikia, na siku ya posho akaanguka kwenye mustari wa kungoja chakula, bakamulaza hospitali. Bwana Kitabu akafungua bahasha ya Muamba, akakuta eko ku chupa za unga, akasema, "Basi si dawa yangu, itakuwa minyoo," njo maana banamunywesha dawa ya minyoo. Na kuko baya zaidi: bibi yake Bilonda, kila saa ya kuona bagonjwa, anamupelekea kinini za kopo ndani ya bukari, ugali wetu, apate nguvu. Jana nilienda, midomo ya Muamba ilikuwa myeupe, akanishika mukono: "Kaka, nyamaza. Ukisema, batatutoa mu kazi, batatutoa mu nyumba, turudi Kasai na magoti haya?" Nikarudia nyumbani, sikumwambia mutu. Nifanye nini, Mama? Tafazali usiandike jina langu.

Mwenye Magoti, Kapata

*

Tata wa Kapata,

Jina silitaji, lakini nyuma ya barua umeandika namba ya nyumba na rangi ya mulango, basi we si mutu wa siri, na mi nafurahi. Jibu hili halingoje gazeti. Gazeti litaliandika baadaye, juu ya wengine wenye kopo.

Nakuhurumia. Mutu mwenye kuogopa rafiki yake ameze unga peke yake hana roho mbaya. Lakini, Tata, siku ulichanganya chupa zile, ulichanganya na kichwa cha munganga. Ye anasoma kitabu chake, kitabu kinamudanganya, na we uliongeza uongo mule kwa heshima zako. Heshima gani hiyo? Akikuuliza juu ya chakula cha bibi yake, sema kitamu. Akikuuliza juu ya goti, sema goti! Bagonjwa wengine, mpaka kule Nzilo, batapewa dawa ile juu ya "yanapunguka, bwana" yako.

Mi si munganga. Sijui kama ni kinini ao ni minyoo. We pia hujui. Mwenye kuweza kujua ni moja tu, na njo huyo mumemufunga macho.

Unaogopa nyumba. Siwezi kukuahidi kama bakubwa ya kazi hawatakasirika. Lakini Muamba anakuomba unyamaze kwa midomo yenye haina damu tena, na we unamutii? Mukitolewa mu nyumba, mutalia babili. Ukinyamaza, utabaki mu nyumba yako na sahani nzima, hakuna wa kukupokonya tonge.

Sasa fanya hivi. Usioge, usihangaike na koti. Beba kopo na kinini zote zenye zimebaki. Pita kwa Bilonda, umwambie asipeleke hata moja tena, muende pamoja. Akilia, alie akitembea. Ukifika hospitali usitafute kapita wa kazi, usitafute padri. Mutafute Henri, sema, "Tulichanganya." Halafu umuhesabie: Muamba alichota ngapi kwa siku, we ngapi, tangu lini, na choo ikawa nyeusi siku gani. Akikutukana, vumilia, ni haki yako. Bwana Kitabu akiandika, mwache aandike, safari hii ukweli.

Mwenye kukuletea karatasi hii ni Masudi, mwenye kamyo, gari ya kubeba samaki na chumvi. Nimemwambia asizime motere, akupeleke hospitali. Magoti yakikataa kupanda, akusukume kutoka chini, amezoea magunia. Na kama umesoma mpaka hapa ukiwa umekaa, Tata, umeisha kuchelewa.