Nashon Kundu, Dalia Zako Bado Zinachanua

Baridi ya Julai imerudi, Baba Mercyline, na mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka asubuhi ya tarehe kumi na tisa, ukiwa umekwisha kuvaa buti za kazini.

Tungependa kukuandikia kwamba tumetulia. Hatujatulia. Mimi mkeo hasa huamka nikatoka nje kabla ya kubandika chai, nikasimama nyuma ya jiko penye lundo la takataka, nikarudi ndani, kisha nikatoka tena. Binti yetu Ivyne husema nimekuwa kama askari wa lindo. Wewe ulizoea kusema kwamba mtu anayetembea bila safari ana jambo moyoni. Jambo hilo nalisema leo mbele ya wote watakaosoma.

Wanaokukumbuka wanaikumbuka mikono yako. Miaka ishirini na sita uliitunza bustani ya Mama Kanchan kule Hurlingham, na hukurudi nyumbani kwetu Satellite mikono mitupu. Ulileta vipande vya matawi vilivyofungwa kwa gazeti bichi. Mahali ambapo jirani angejenga chumba cha kupangisha, wewe ulipanda dalia: za manjano, za waridi, na zile nyeupe zenye ncha. Hakuna mgonjwa wa mtaa huu aliyekosa ua lako. Chai yako uliinywa ikiwa imepoa, kwa sababu kila ilipomiminwa ulikumbuka jambo bustanini.

Kila mwaka baridi ilipoingia, dalia zilinyauka. Ulichimbua viazi vyake, ile mizizi minene ya chini, ukavipaka jivu, ukavilaza ndani ya gunia kungojea mvua za Machi. Mwaka jana gunia hilo lilikuwa zito kuliko kawaida. Nyumba ya Hurlingham ilikuwa imeuzwa ili pajengwe maghorofa, na Mama Kanchan alikuwa anahamia kwa mwanawe Krish, ghorofa ya nne, pasipo udongo wa kujaza hata kikombe. Alikukabidhi viazi vya ile dalia nyekundu iliyokaribia weusi, ambayo marehemu mumewe aliipanda mwaka waliooana. Alikuomba umtunzie mpaka apate mahali. Ulinieleza hayo ukiwa umesimama mlangoni, nami nilikuwa nakaanga mboga. Nililisikia neno amana. Sikuuliza umeiweka wapi.

Siku nne baadaye ulikuwa umekwenda.

Waombolezaji walijaa uani. Dada yako Nanyama alifika kutoka Kimilili akashika jiko, kwa kuwa mjane hapiki kwenye matanga yake. Mimi nilikuwa ndani, nimekalia godoro. Siku ya pili mchele ulipokwisha, Nanyama aliniuliza kupitia dirisha viazi vitamu viko katika gunia lipi, maana stoo ilikuwa na magunia mawili. Nilimjibu bila kufikiri.

“Lile lenye karatasi shingoni.”

Kila gunia linalotoka nyumbani kwa basi hufungwa karatasi yenye jina lako. Lakini karatasi ya viazi vitamu ilikuwa imekwisha kuwashiwa jiko, na iliyobaki uliifunga wewe kwenye gunia la maua. Nanyama hakwenda shule. Mimi nami sikuwa nimejua kusoma, ingawa uliniomba kwa miaka mingi niende nikajifunze, nami nikakuambia uzee wangu hauingii darasani.

Nanyama alivimenya, akavikata vichwa akavitupa kwenye lundo nyuma ya jiko, akavichemsha sufuria mbili kubwa. Watu walikula. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba viazi vya Nairobi vina maji mengi kama watu wake, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilisikia kicheko uani. Mimi nililetewa sahani. Nilikula vipande viwili.

Tuliporudi kutoka mazikoni nililikuta gunia tupu limekunjwa, karatasi bado iko shingoni. Ivyne alinisomea: AMANA YA MAMA KANCHAN. NI MAUA, SI CHAKULA.

Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Mama Kanchan alikuwa akinipigia simu kila mwezi kunijulia hali. Hakuuliza maua hata mara moja, na kutouliza kwake kuliniumiza kuliko kuulizwa. Nilimwambia nina haraka, nina mgeni, nina nguo kwenye maji. Mwezi wa Januari nilijiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa pale Riruta, kwa Mwalimu Kalekye. Sikwenda kwa ajili ya cheti. Nilikwenda kwa sababu ya karatasi ile.

Sasa usikie yaliyotendeka bila wewe. Mvua ndefu zilipokuwa zinaisha, mwanao Bramwel alilipindua lundo apate mbolea ya sukuma wiki, akakuta machipukizi. Alikuja kuniita. Nilipiga magoti kwenye maganda na majivu nikayatambua majani. Vile vichwa alivyovitupa Nanyama ndivyo vyenye macho ya kuchipua, kama ulivyotufundisha, nasi tulikuwa tumekula miguu tu. Palikuwa na mashina manne.

Yalichelewa sana. Dalia za majirani, zilizotokana na zako, zilimaliza kuchanua mwezi wa Juni na zimekwisha kukatwa. Za kwako zilianza baridi ilipokuwa kali. Watu hupita wamejifunga shuka, wakasimama kwenye ua wa michongoma wakauliza ni maua gani haya yasiyojua miezi. Shina la kwanza lilitoa manjano. La pili likatoa waridi. La tatu manjano tena. La nne lilishika tumba moja, likakaza kama ngumi ya mtoto, likakataa kufunguka.

Ndiyo sababu ya kutoka na kuingia kwangu. Siku tisa nililitazama tumba hilo. Siku ya kumi niliona kwamba nikisubiri rangi yake ndipo niseme ukweli, huo hautakuwa ukweli bali biashara. Nilivaa koti lako nikaenda kwa Mama Kanchan, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: godoro, dirisha, karatasi, vipande viwili nilivyokula.

Aliuliza, “Hiyo maua, ilikuwa tamu?”

Nilimjibu kwamba haikuwa na ladha, na chumvi ilikuwa kidogo.

“Mzee yangu alipanda hiyo miaka arobaini, hakuna mtu alionja,” alisema. “Nyinyi mmejua kitu mimi sijui. Kaa chini, Mama Mercyline. Kunywa chai.”

Nilikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumaliza kikombe nikiwa nimekaa.

Alhamisi iliyopita Krish alimleta. Tulimwekea kiti kando ya lundo, amejitanda shali mbili, manyunyu yakimwangukia. Tumba lilikuwa limeanza kufunguka tangu usiku. Lilikuwa jekundu la kukaribia weusi, Baba Mercyline. Aliligusa kwa kidole kimoja, halafu akakutaja wewe kabla ya kumtaja mumewe.

Nilimwambia mwezi ujao tutachimbua, na viazi vyake vyote tutampelekea. Alikataa. Alisema udongo wa kwake ni huu, na atakuja kuuona kila Julai akijaliwa.

Kwa hiyo gunia jipya liko tayari. Nimelishona mimi, na karatasi ya shingoni nimeiandika kwa mkono wangu, maneno yaleyale yako. Nanyama alifika jana kwa ajili ya ibada ya leo. Aliomba asomewe karatasi hiyo mara mbili, kisha akasema asilaumiwe na mtu, safari hii amekuja na viazi vyake mwenyewe.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Philister Nekesa. Na watoto wako Mercyline, Bramwel na Ivyne. Na dada yako Nanyama. Na Mama Kanchan pamoja na mwanawe Krish, walioomba majina yao yaandikwe pamoja na ya familia.

Amana yako ipo. Nasi tutakukumbuka siku zote, mvua ikinyesha na isiponyesha.